KAZI HUISHA, UMOJA USIISHE
Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi chetu, Musoma



Awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii. Miaka 10 si mchezo. Vikundi vingi tulivyoanza navyo havipo tena. Sisi tulianza na upatu wa kuzungushiana, tukaingia katika hisa, tukanunua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na leo tunakula pilau pamoja. Basi tupige makofi kwanza.

Tumeombwa tuzungumze juu ya historia ya wafanyakazi na mabadiliko ya uchumi, halafu tuoneshe inatuhusu nini sisi akina mama wa kuweka na kukopa. Huenda mtu akajiuliza: migomo ya bandarini na vyama vya wafanyakazi vinahusianaje na sanduku letu? Tunaomba mtuvumilie. Mwisho wa maneno haya tunaleta hoja ambayo mkutano mkuu utaipigia kura, na hoja hiyo imetoka katika historia hii hii.

Tuanze zamani. Serikali ya kikoloni ilipoleta kodi, ilitaka fedha taslimu, si mtama wala mbuzi. Mwanamume akalazimika kutafuta mahali penye fedha. Wengine walilima pamba. Wengine walikwenda kwenye migodi ya dhahabu, kama Buhemba na Kiabakari, ambayo leo iko katika Wilaya ya Butiama. Sehemu nyingine za nchi watu walipelekwa Tanga na Morogoro kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba kwa sababu kila mtu alihesabiwa kwa namba. Huko walipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyomaliza kazi uliyopangiwa ilipigwa alama. Siku usiyoimaliza haikuhesabiwa, hata kama jasho lilikutoka. Mshahara ulikuja kadi ikijaa.

Sasa akina mama, hapa sikilizeni vizuri. Mshahara ule ulipangwa kama vile mfanyakazi hana mke wala mtoto. Mabwana wale walisema kwamba familia iko kijijini, inajilisha yenyewe. Nani aliilisha? Ni mwanamke na jembe lake. Kwa hiyo yule mama aliyebaki analima mihogo na ulezi alikuwa anajaziliza mshahara wa mumewe bila kujua. Kampuni ililipa nusu, mama akalipa nusu. Jina lake halikuandikwa katika daftari lolote la malipo.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Mwaka 1939 vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma wakidai malipo bora. Wakagoma tena 1943. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama kwa mgomo. Septemba mwaka huo huo bandari ya Dar es Salaam iligoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kwenda bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja. Vibarua hao wengi wao hawakujua kusoma, na kazi yao ilikuwa ya kutwa: asubuhi unachaguliwa langoni, jioni unalipwa, kesho hujui. Lakini walijua jambo moja, kwamba meli haipakuliwi na mtu mmoja. Baada ya mgomo wa 1947 mishahara ilipanda, na watu wa bandarini wakawa na chama chao. Hata hivyo mwaka 1950 palizuka mgomo mwingine wenye fujo, na chama kile kikavunjwa na serikali.

Mgomo unahitaji ujasiri, ndiyo, lakini unahitaji na chakula. Huko Afrika Magharibi, wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger waligoma kuanzia Oktoba 1947 mpaka Machi 1948, zaidi ya miezi mitano. Walivumilia hivyo kwa sababu ndugu zao vijijini walileta chakula na wake zao walihangaika sokoni kila siku. Sisi hatuhitaji profesa atueleze hilo. Mwanamume hawezi kugoma hata juma moja kama chungu nyumbani kimefunikwa kifudifudi. Anayelisha mgomo ndiye anayeushikilia.

Upande wetu wa Kanda ya Ziwa mapambano yalikuwa kwenye mizani. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mfanyabiashara, mizani ikasoma alivyotaka mwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Hebu fikirini akili ile! Kwanza hawakudai kiwanda wala gari. Walidai mtu wao asimame pale pale kilo zinaposomwa. Kutokana na hapo vikakua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Victoria, watu wakaliita VFCU, akiongoza Paul Bomani. Ushirika ule ulifika mahali pa kumiliki hata vinu vya kuchambua pamba. Wazee wetu wa Bunda wanajua vinu vilikuwa na maana gani kwa mji ule: msimu ukifika kulikuwa na kazi, na maduka yalichangamka.

Mwaka huo huo wa 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho la TFL, Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Na mwaka huo huo Bibi Titi Mohamed alianza kuongoza akina mama ndani ya TANU. Aliwapata wapi wanachama? Hakuwakuta maofisini. Aliwaendea katika vikundi vya ngoma na kwa akina mama wapika pombe, ambao tayari walikuwa na viongozi wao na desturi ya kukutana na kusaidiana wakati wa harusi na msiba. Kikundi cha wanawake kilichodharauliwa kama cha kucheza tu, kumbe kilikuwa chama tayari. Mtu akituambia kwamba vikundi vya akina mama ni mambo ya umbeya, mjibuni hivyo.

Uhuru ukaja mwaka 1961. Mwalimu, mtoto wa Butiama, aliahidi utu wa mfanyakazi na mkulima, na kima cha chini cha mshahara kiliongezwa. Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Mwaka 1962 ilitungwa sheria iliyofanya mgomo halali uwe mgumu sana. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ilivunjwa na badala yake kikaundwa chama kimoja tu, NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na mtu huyo huyo alikuwa Waziri wa Kazi. Ada ya mwanachama ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara kabla haujamfikia mkononi.

Tusidharau mema yaliyopatikana. Watu walipata likizo, matibabu, na ulinzi wa kutofukuzwa ovyo. Lakini jambo la ada tunaomba mlitafakari. Mtu anayetoa shilingi yake kwa mkono wake, mbele ya wenzake, atauliza imekwenda wapi. Mtu anayekatwa bila kuulizwa hatimaye husahau kwamba ile fedha ni yake. Na kiongozi asiyengoja kupewa ada mkononi hana haraka ya kuja kuwasikiliza wanaomlipa.

Pamoja na hayo wafanyakazi hawakulala. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokemea viongozi wenye kiburi na dharau, wafanyakazi waliuchukua kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa. Viwandani watu walisimamisha kazi wakisema: hata meneja huyu anakwenda kinyume cha Mwongozo. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha mashine wenyewe. Miaka hiyo ilipita. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vya wakulima navyo vilivunjwa kwa amri ya serikali, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978. Na Julai 1986 wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero waliokuwa wanadai haki zao walipigwa risasi na polisi, baadhi wakapoteza maisha. Tunawakumbuka.

Mwaka 1986 huo huo nchi yetu ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Tuliyaona kwa macho yaliyofuata: thamani ya shilingi ikashuka, mipaka ikafunguliwa, mitumba ikajaa minadani. Mitumba tumeivaa na tumeiuza, hatuwezi kuitukana. Lakini shati moja la mtumba likiuzwa kwa bei ya kutupa, kitambaa kipya cha kiwanda chetu kitanunuliwa na nani? Viwanda vya nguo vya umma vilikuwa na mashine chakavu, umeme wa kukatika na madeni. Katika miaka ya 1990 vilianza kusimama kimoja baada ya kingine. Kiwanda chetu cha MUTEX hapa Musoma, ambacho kilikusudiwa kufanya pamba ya nyumbani iwe nguo ya nyumbani, nacho kilisimama, kisha kikaingia katika ubinafsishaji. Sote tunakumbuka neno jipya tulilojifunza wakati ule: kupunguzwa.

Wapo kati yetu ambao waume zao, au wao wenyewe, walipunguzwa miaka ile. Majina ya waajiri tunayaacha. Ila jambo moja lililowapata wote tunalisema, maana ndilo kiini cha maneno yetu leo. Mshahara ulipokoma, makato ya ada yalikoma. Makato yalipokoma, uanachama ulikoma. Mtu alikuwa mwanachama kwa miaka 15, alichangia kila mwezi bila kukosa, na siku alipohitaji chama kuliko siku zote za maisha yake, ndiyo siku aliyoambiwa kwamba yeye si mwanachama tena. Umoja wake uliishia langoni. Mlinzi alipofunga geti, alifungia na umoja ndani.

Nani aliwapokea watu wale nje ya geti? Walipokelewa na maandazi, mihogo ya kukaanga, vibanda vya mkaa na dagaa. Walipokelewa na mama aliyekuwa anauza Mwigobero au soko la Nyasho. Nyumba nyingi za mji huu zilivuka miaka ile kwa beseni la mama. Na beseni lile mtaji wake ulitoka wapi? Benki ilitaka hati ya nyumba. Mtaji ulitoka katika upatu. Ndiyo mizizi ya kikundi hiki.

Baada ya pamba tukapata sangara. Samaki huyu alipandwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima, huku furu wetu wakitoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na Musoma. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki. Akina mama wakayakaanga wakauza, watoto wakasoma. Kisha mwaka 1999 nchi za Ulaya zikazuia samaki wa ziwa letu kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Uamuzi ulitoka mbali, watu wasiotujua, na asubuhi yake mvuvi, mbeba barafu, mkata minofu na muuza mapanki wote walikosa. Soko lilifunguliwa tena, lakini tulijifunza. Na siku hizi samaki wenyewe wamepungua ziwani, zamu za kazi nazo hupungua.

Ndugu zangu, mkiunganisha yote haya mtaona mfano mmoja. Dhahabu ilikuja, ikaondoka. Pamba ilipanda bei, ikashuka. Kiwanda cha nguo kilijengwa, kikafungwa. Sangara alijaa, akapungua. Kila kilipokuja kitu watu walijenga umoja juu ya kitu hicho, na kitu kilipoondoka umoja nao ukaondoka. Hatusemi kwamba vyama vya wafanyakazi havina maana. Wala! Sheria ya 1998 ilifungua njia ya vyama huru, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina mambo mazuri ambayo kila mama anayefanya kazi ya kuajiriwa inampasa ayajue. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msisubiri mwezi upite mkibembeleza.

Lakini tufanye hesabu kidogo. Sheria hiyo inasema anayepunguzwa kazi alipwe mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mwisho miaka 10. Mwanachama wetu aliyefanya kazi miaka 6 atapata mshahara wa siku 42. Siku 42 hata mwezi na nusu haujatimia, jamani. Kodi ya nyumba, ada, unga, mafuta ya kupikia. Na hiyo ni kwa mwenye mkataba. Kibarua wa kutwa, ambaye jina lake liko kwenye karatasi ya msimamizi leo na kesho halipo, ataanza vipi hata kudai?

Ndiyo maana tunaleta hoja. Kanuni yetu ya sasa inasema mwanachama asiyelipa hisa majuma manne mfululizo anafutwa. Kanuni hii ilitusaidia sana mwanzoni, ilituondolea wazembe, na ndiyo iliyotufikisha miaka 10. Hatuibezi. Ila sasa kikundi kimekua, na wanachama wapya wengi wanategemea kazi za viwanda vya samaki, vinu vya pamba vya Bunda wakati wa msimu, na machimbo ya wachimbaji wadogo. Kazi hizo husimama zenyewe, si kwa uzembe wa mtu. Tukimfuta mama huyo juma la tano, tutakuwa tumefanya vile vile: geti limefungwa kule, na sisi tunalifunga huku.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, mwanachama ambaye kazi au biashara yake imesimama kwa sababu inayojulikana, alete taarifa kwa wenzake watano wa kundi lake. Wakithibitisha, hisa zake zisimame mpaka miezi 6, jina lake lisifutwe, na aendelee kuhudhuria na kupiga kura. La pili, sehemu ya faini na riba iende kwenye mfuko wa jamii kwa ajili ya mkopo mdogo wa kuanzia upya, usio na riba kwa miezi mitatu ya kwanza. La tatu, mwanachama aliyesimamishiwa hisa asikope kutoka kwenye hisa za wenzake mpaka arudi kulipa. Hapo tutakuwa tumemlinda yeye na tumelilinda sanduku.

Tunajua wapo wenye mashaka, na wamesema wazi katika vikao. Wanasema sanduku si la sadaka, na kwamba tukilegeza kamba watu watajifanya hawana kazi. Hofu hiyo ni ya haki, maana fedha hizi ni jasho. Jibu letu ni kwamba tunajuana. Kiwanda hakimjui mfanyakazi wake nyumbani, sisi tunajuana mpaka jikoni. Mama hawezi kutudanganya miezi 6 kwamba hana biashara huku tunanunua kwake nyanya. Wale watano wa kundi ndio watakuwa wapimaji wetu, kama wale wakulima walivyosimamisha mtu wao kwenye mizani.

Na tunasisitiza lile tulilojifunza kwa NUTA na kwa ushirika. Ufunguo usitoke mikononi mwetu. Funguo tatu ziendelee kukaa kwa akina mama watatu tofauti, fedha zihesabiwe kwa sauti, na ada itolewe kwa mkono mbele ya wote. Siku atakapokuja mfadhili, hata awe na nia njema namna gani, akitaka kushika ufunguo kwa niaba yetu, tumpe chai, tumshukuru, na ufunguo tubaki nao.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwako tuna ombi moja. Utusaidie kumpata mtu wa idara ya kazi aje Musoma, Bunda na Butiama kutufundisha sheria ya ajira kwa lugha nyepesi, hasa mambo ya mkataba na vibarua. Hatuombi fedha. Tunaomba elimu, fedha tutazitafuta wenyewe.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Basi tarehe ya mkutano mkuu mnaijua, na hoja mmeisikia. Tunawaomba mje wote, hata wale ambao hisa zao zimechelewa. Hao ndio tunaotaka kuwasikia kwanza.